Sanduku la Maswali: Msichana wa shaba mwenye bakuli, kando ya mto Thames

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni Mtanzania, nafanya usafi wa maofisi hapa London, zamu ya alfajiri. Nikishuka kituo cha Temple hukatisha bustani iliyo kando ya mto Thames. Humo kuna sanamu ya shaba ya msichana mdogo aliyeshika bakuli. Maandishi yanasema watoto ndio waliomweka hapo kumkumbuka mtu aitwaye Lady Henry Somerset, na kwamba zamani lilikuwa bomba la maji ya kunywa. Nimewauliza wenzangu kazini, hata Waingereza wenyewe hawajui habari zake. Ni nani huyo, mbona mwanamke ana jina la kiume, na watoto walimdai nini hata wamjengee bomba? — Msomaji wa alfajiri, London

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote yaliyofika mwezi huu, kwa sababu sanamu hiyo naijua. Nilipokwenda kumtazama binti yangu huko nilikaa kwenye benchi la bustani hiyo nikamtazama yule mtoto mpaka binti yangu akaona baridi.

Kwanza, msichana yule siye Lady Henry. Ni mtoto tu, hana jina, anampa maji apitaye. Aliyemchonga ni Mwingereza George Edward Wade, na bomba lilizinduliwa mwaka 1897, Malkia Victoria akitimiza miaka 60 ya kutawala. Fedha zilitoka kwa watoto wa Loyal Temperance Legion, jeshi la watoto wa vyama vya kupinga ulevi, walioapa kutoonja pombe. Hapo kwenye jiwe waliandika maneno ya Mathayo 25:35, ambayo katika Biblia yetu yanasomeka: "nalikuwa na kiu, mkaninywesha."

Jina la kuzaliwa la Lady Henry ni Isabella. Alizaliwa 1851, binti wa Lodi Somers, na kwa desturi ya wakubwa wa Uingereza mke wa Lord Henry huitwa Lady Henry, jina lake mwenyewe likafunikwa. Aliolewa 1872 akapata mtoto mmoja wa kiume. Ndoa ikavunjika, kwa kuwa mumewe alikuwa na mapenzi na kijana mwanamume. Isabella akaenda mahakamani kudai mtoto wake, na mwaka 1878 akampata. Mume akahamia Italia. Sasa sikia jinsi dunia ilivyomlipa: milango ya wakubwa wenzake ikafungwa mbele ya mwanamke. Kosa lake ni kwamba alilisema jambo ambalo mke wa heshima alitakiwa kulimeza. Hakualikwa tena karamuni, hakutembelewa. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Baba yake alipofariki mwaka 1883, alirithi kasri la Eastnor, nyumba ya Reigate Priory, na mitaa mizima ya London ambamo maskini walikuwa wapangaji wake. Karibu na wakati huo rafiki yake mmoja alijiua akiwa amelewa. Kifo hicho hakikumtoka. Akaapa kuacha pombe, akatia saini kiapo pamoja na wapangaji wa kwake, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba na kuhutubia mikutano. Mwaka 1890 akawa rais wa chama cha wanawake wa Uingereza cha kupinga ulevi, akakiongoza mpaka 1903. Mwaka 1891 alivuka bahari akakutana na Frances Willard, kiongozi wa wanawake wa Marekani waliopinga ulevi, wakawa kama ndugu. Willard alipofariki mwaka 1898, Isabella ndiye aliyeshika nafasi yake kuongoza umoja wao wa dunia.

Umeuliza kwa nini bomba, wala si sanamu yake mwenyewe juu ya farasi kama wanaume wa mji ule. Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndipo penye utamu.

London ya miaka ya 1850 maji yalikuwa mali ya makampuni. Maskini walichangia bomba moja uani, na bomba hilo lilifunguliwa saa chache, siku nyingine halifunguliwi kabisa. Walio karibu na mto walichota mtoni, na mto ulikuwa ukipokea vinyesi vya mji mzima. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka mtaa wa Broad, eneo la Soho, kikaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow akafuata nyumba za wafu moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye pampu ya mtaa ule, na mpini wake ukaondolewa. Palikuwapo kiwanda cha bia mtaani humohumo, chenye wafanyakazi wapatao 70, na kipindupindu hakikuua hata mmoja wao. Walikuwa wakipewa bia, na kiwandani walikuwa na kisima chao wenyewe, kwa hiyo ile pampu hawakuigusa. Na Snow mwenyewe alikuwa mtu aliyeapa kutoonja pombe tangu ujana wake! Hebu fikiria moyo wa mtu kama huyo alipoona kwamba katika mtaa ule mnywaji bia alikuwa salama kuliko mnywaji maji.

Kwa hiyo mchukuzi wa mizigo aliyetoka jasho mchana wa Julai alikuwa na njia gani? Aingie baa. Bia ilikuwepo kila kona, ilikuwa baridi, haikumharisha. Wahubiri wa kuacha pombe waliweza kupaza sauti mpaka wakauke makoo. Msikilizaji alikuwa na kiu, na maji yenyewe yalikuwa sumu. Wenye busara miongoni mwao walilitambua hilo. Tarehe 21 Aprili 1859, Samuel Gurney, mbunge wa madhehebu ya Kikristo yaitwayo Kwaeka, alifungua bomba la kwanza la bure la London kwenye ukuta wa kanisa la St Sepulchre, na vikombe viwili vimefungwa kwa mnyororo. Watu waliolitumia walifika 7,000 kwa siku. Chama alichounda kiliendelea kujenga mabomba mji mzima, mengi kwa makusudi karibu na milango ya baa, na mwaka 1867 kikaongeza mabirika ya ng'ombe na farasi, maana wanyama wa sokoni nao walikuwa wakifa kwa kiu. Bado utayaona mabirika hayo ya graniti barabarani, siku hizi yamepandwa maua.

Nikisoma habari ya vikombe vya mnyororo namkumbuka mama yangu, Mombasa. Barazani kwetu palikuwa na mtungi wa maji na kata ya kifuu juu ya kifuniko, kwa ajili ya wapita njia, na sisi watoto tulipigwa marufuku kuuchezea. Mchukuzi, mwuza makaa, mwendawazimu wa mtaa, wote walikunywa kwa kata ile na wote walimwombea mama dua. Hakumuuliza mtu dini wala kazi. Kwa hiyo hao watoto wa mwaka 1897 siwaoni wageni hata kidogo.

Tena angalia ulipo unapopita alfajiri. Ardhi ile ilikuwa mto. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi Bunge likashindwa kukaa, ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya majitaka. Mmoja wa mifereji hiyo unapita chini ya Victoria Embankment, barabara ya kando ya mto iliyofunguliwa mwaka 1870, pamoja na reli inayokuleta kazini. Bomba la watoto limesimama jirani kabisa na mfereji uliouondolea mji ule kipindupindu. Sijui kama Wade alilifikiria hilo alipokuwa akimfinyanga msichana wake, lakini mimi nililifikiria sana pale kwenye benchi.

SWALI: Dada, nimesoma jibu lako kuhusu mabomba ya watu wa kupinga pombe, ulilolidokeza toleo lililopita. Nina shaka moja. Huyu mama alikuwa na kasri. Si ndiyo kawaida ya matajiri, kumnyima maskini glasi yake moja ya jioni na kuita hilo wema? — Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, shaka yako ni halali, na ina mtetezi mkubwa katika bustani ileile. Kwenye Temple Gardens hiyo hiyo ipo sanamu ya mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyewekwa hapo mwaka 1878. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uhuru, Mill aliwashambulia wazi waliotaka serikali ipige marufuku biashara ya pombe, akisema kumzuia muuzaji ni kumzuia mnunuzi, na serikali haina haki hiyo juu ya mtu mzima. Kwa hiyo hao wawili wamekaa bustani moja, yeye na bomba la mpinzani wake. Ningekuwa bado nafundisha ningewapeleka wanafunzi wangu pale mjadala ukafanyike papo hapo.

Mimi nasimama wapi? Juu ya marufuku, nipo na Mill. Juu ya Isabella, sikubali awekwe kapu moja na matajiri uliowataja, na sababu yangu ni Duxhurst.

Enzi zile mwanamke mlevi aliyeokotwa barabarani alipelekwa korti, akafungwa siku saba au mwezi, akatoka, akanywa, akarudishwa. Alikuwepo mmoja aliyejulikana na magazeti yote ya London, Jane Cakebread, aliyehukumiwa zaidi ya mara 200. Watu walimcheka. Mahakimu walimzoea. Isabella alisema mlevi wa namna hii ni mgonjwa, na jela haitibu mgonjwa. Basi katikati ya miaka ya 1890 akaanzisha shamba Duxhurst, karibu na Reigate, akajenga nyumba ndogondogo badala ya jengo moja la kutisha, kila nyumba na mlezi wake. Wanawake walikaa humo karibu mwaka mzima, wakilima bustani, wakifuga, wakijifunza kazi za mikono. Walio na watoto wadogo walikuja nao. Aliwachukua wake za wakubwa na wanawake wa mitaani.

Akamchukua na Jane Cakebread. Jambo hilo halikufaulu. Yule mama alikuwa na ugonjwa wa akili, akathibitishwa hivyo na madaktari, akapelekwa hospitali ya Claybury, akafia huko mwaka 1898. Lakini hebu ona kilichotokea: baada ya hukumu zaidi ya 200 ndipo mtu akagundua kwamba aliyekuwa akihukumiwa ni mgonjwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria iliyoruhusu mahakama kuwapeleka walevi sugu kwenye vituo vya matunzo badala ya jela. Kesi yake ilikuwa midomoni mwa watu waliokuwa wakiidai sheria hiyo.

Wala usidhani wenzake walimpigia makofi siku zote. Mwaka 1893 chama chake kilipasuka. Wapo waliotaka wazungumze pombe tu na kuondoka. Yeye na Willard walishikilia kwamba huwezi kumwambia mwanamke aache pombe ukanyamazia mshahara wake, nyumba yake na kura yake. Walioshindwa wakajitenga na kuunda chama chao. Na alikosea pia, kosa kubwa: mwaka 1897, mwaka uleule wa bomba, aliunga mkono mpango wa kuwadhibiti na kuwapima wanawake waliouza miili kwa askari wa Kiingereza nchini India. Josephine Butler, aliyepigana maisha yake yote dhidi ya sheria za namna hiyo, alimkabili hadharani. Mwaka uliofuata Isabella alirudi nyuma akaondoa kauli yake. Nakuambia hili kwa sababu watoto walimwandikia jiwe zuri, na mimi nataka umjue yeye mzima.

SWALI: Bi Mkubwa, as-salaam alaykum. Je, hao wapinga pombe wa Ulaya waliwahi kutugusa sisi huku pwani? — Kijana wa Mji Mkongwe, Unguja

JIBU: Wa alaykum salaam. Walitugusa, tena kwa sheria. Vyama vyao na wamisionari walipiga kelele kwa miaka mingi juu ya meli zilizoshusha pombe kali za Ulaya kwenye pwani za Afrika. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yakaandika mkataba: kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, pombe kali isiingizwe mahali ambapo watu hawakuwa wakiinywa, na penginepo itozwe ushuru. Chukua ramani uone, pwani yetu yote imo humo, kuanzia Lamu hadi Kilwa na zaidi. Ila mkataba huohuo uliacha mlango wazi kwa Wazungu kuingiza ya kwao. Mwafrika alilindwa kama mtoto, Mzungu akaaminiwa kama mtu mzima. Hapo ndipo hoja ya Mwalimu wa Nakuru inaponiuma kweli.

Lakini kuhusu maji, usidhani Unguja ilingoja kufundishwa. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu kisiwani kwenu. Sayyid Barghash aliingia kutawala mwaka huo wa 1870, na kabla hajafariki mwaka 1888 alikuwa amevuta maji safi kutoka Chemchem hadi mjini, na wananchi wakayachota bure. Alikuwa ameitembelea London mwaka 1875. Mabaki ya mifereji yake waulize wazee wa kwenu wakuonyeshe. Umekaa karibu nayo kuliko mimi.

SWALI: Bibi, sanamu ya shaba barabarani kwa miaka zaidi ya 100? Huku kwetu hata kifuniko cha mtaro hakimalizi wiki. — Msomaji, Mwanza

JIBU: Huko nako iliibwa, baba. Msichana wa mwanzo wa London alikatwa akachukuliwa miaka ya 1970, na kwa muda mrefu likabaki jiwe lenye maandishi bila mtoto. Aliyepo sasa ni nakala iliyotengenezwa na mchongaji Philomena Davidson Davis, akarudishwa miaka ya 1990.

Alikuwa na dada yake pia. Wade alimtengeneza msichana huyohuyo kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893, na senti zilichangwa na watoto wa chama cha Willard. Akahamishwa mara kadhaa mjini humo mpaka akafika bustani ya Lincoln Park, na katika miaka ya 1950 naye akatoweka. Watu wa Chicago hawakumsahau. Portland, katika jimbo la Maine, ilikuwa na nakala nyingine iliyosalimika, basi wakachukua umbo lake kutoka kwa yule, wakamimina shaba upya, na mwaka 2012 msichana akasimama tena Lincoln Park.

Nawe msomaji wangu wa alfajiri, ombi langu kwako ni hili: ukitoka zamu na kukiwa kumekucha, nipigie picha ya maandishi ya kwenye jiwe, herufi zionekane vizuri, uitume kwa anwani ya gazeti. Tutaichapisha toleo lijalo pamoja na tafsiri yake kamili.